Aliyejua Nani Atavunjika

Akikutana na mwanamke mzee barabarani, hakumtazama usoni kwanza. Alitazama pindo la kikwembe. Kikwembe ambacho mwaka juzi kiliishia juu ya kifundo cha mguu, sasa kilikuwa kinaburura vumbi upande wa mbele, na mwenyewe alidhani kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Yeye alijua kitambaa hakina neno. Aliyepungua ni mvaaji. Ndipo alipoinua macho, akaamkia, akauliza habari za watoto na wajukuu, na kabla ya kuagana akasema, "Mama, kesho upite kwangu. Nataka nikupime."

Mtaa mzima wa Ruashi, huko Lubumbashi, tulimwita Mama Muzalishaji. Alikuwa mkunga katika hospitali ya Kampani, yaani ile kampani ya shaba ambayo karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake ndani yake, na nusu ya vijana wa kambi ya wafanyakazi walipita mikononi mwake. Alipostaafu alijenga vyumba viwili vya matofali mabichi huku kwetu. Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumsikia akitaja baba yake. Ninachojua ni kile nilichokiona mwenyewe, kwa sababu lupangu lake, yaani kiwanja chake, na letu yalitenganishwa na ua wa matete tu, na kwa sababu mimi nilikuwa mpiga radio katika hospitali ile ile. Radio, kwetu, ni picha ya mifupa. Kwa hiyo sisi wawili tulikuwa na jambo moja la kuzungumza ambalo majirani wengine hawakuwa nalo.

Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuwa mpole. Wanawake waliozaa mikononi mwake walisema alikuwa akiwapiga makofi ya mapaja walipochoka kusukuma, na kwamba mtoto akitoka salama aliondoka chumbani bila kusubiri shukrani. Kila Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akarudi, akavua viatu, akanywa glasi moja ya lutuku, pombe kali ya mahindi ambayo serikali iliikataza na ambayo yeye mwenyewe aliwakataza wanawake wake wasiiguse. Ukimuuliza alisema, "Mi sianguke. Bo banaanguka." Aliwagombeza wazee kwa kupanda juu ya vigoda, na mvua ya kwanza ya mwaka ilipoanza kuvuja ndani, mimi nilimwona juu ya bati lake na nyundo, miguu peku, akitukana misumari.

Kupima kwake kulikuwa hivi. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na ukuta mmoja wa nyumba aliousawazisha kwa udongo. Mwanamke alisimama na mgongo ukutani, akafungua mikono pande zote mbili. Mama Muzalishaji alipima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kisha akapima kutoka kisigino hadi utosini. Alinieleza kwamba mtu katika ujana wake hulingana kwa karibu na mikono yake. Mgongo ukianza kujikalia, pingili juu ya pingili, urefu hushuka lakini mikono hubaki ilivyokuwa. Tofauti ikiwa vidole viwili, alimwacha mama aende zake. Vidole vinne, alipima tena. Kiganja kizima, aliandika jina. Halafu alimwambia aegemeze kisogo ukutani bila kuinua kidevu, na wengine, hata wajitahidi vipi, hawakuweza.

Hakuna aliyemfundisha hayo. Aliyaokota mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kama vile mpishi anavyojua chumvi.

Baada ya kamba yalikuja maswali, na hayo ndiyo yaliyowaudhi wengi. "Mwezi ilikata wakati gani?" Alitaka kujua damu ya mwezi ilikoma mwanamke akiwa na umri gani, maana waliokoma mapema aliwaogopea zaidi. "Ulisha vunja mukono? Ulianguka namna gani? Juu ya mawe, ao paka mu nyumba?" Paka, kwetu, maana yake ni "tu". Na la mwisho: "Mama yako alikufa namna gani?" Wengi walijibu kwamba mama alikufa kwa uzee. Hakuridhika na jibu hilo. Alichimba mpaka akasikia kwamba mama alianguka karibu na jiko, akalala, hakuinuka tena. Hapo aliweka alama nyingine kando ya jina.

Mwanzoni wanawake walimkimbia. Kwetu anayempima mzee kwa kamba ni seremala wa masanduku ya maiti, na habari ilienea hadi sokoni kwamba Mama Muzalishaji amepatana na seremala fulani wa karibu na mgodi. Mama yangu mwenyewe alikataa miezi mitatu.

"Unipime juu ya nini?" alimwambia juu ya ua wa matete. "Mi siyakufa bado."

"Njo sababu nataka kukupima we," akajibu. "Bale balisha kufa habana na kazi na mi."

Mama alicheka, na kwa kuwa alicheka, alikwenda.

Mara moja tu alinisimulia kwa nini alianza. Kulikuwa na mwanamke aliyemzalisha mara tisa. Mwanamke huyo alikuja hospitalini, tayari mzee, kumwona mjukuu aliyezaliwa asubuhi. Akiwa kwenye korido, amesimama kabisa, hakuna maji sakafuni, hakuna mtu aliyemgusa, alipiga chafya. Akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mama Muzalishaji alimshika mkono, na yule mwanamke alikuwa anaomba radhi kwa kuziba njia. Alikufa baada ya wiki tano. "Nilimutosha batoto tisa," aliniambia, "na hata siku moja sikumuangalia yeye mwenyewe. Nilikuwa nauliza paka mutoto iko namna gani."

Orodha yake ilifikia wanawake kumi na wawili. Aliipanga kwa jinsi alivyoona wataanguka: wa kwanza aliye karibu zaidi, wa mwisho aliye mbali kidogo. Karibu wote walikuwa wajane wa wachimbaji. Mume akifa, nyumba ya Kampani ilirudishwa na fishi ya hospitali, ile kadi iliyomruhusu mke kutibiwa, ilichukuliwa. Walikuja Ruashi au wakaenda mbali zaidi, huko Annexe, kwenye vibanda kando ya mashamba ya mahindi, wakaanza kubeba maji upya kama wasichana. Mama yangu alikuwa wa nne.

Wakati ule nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, nimeoa, na nilikuwa najiona mtu anayejua kazi. Kwa hiyo alipokuja kuniomba nilijifanya mgumu.

"Una ile masini," alisema. "Minataka nione ndani. Kamba inaniambia inje tu."

"Mama, masini ni ya wafanyakazi. Wakinikamata nitapoteza kazi."

"Filimu zenye kupita tarehe munazifanya nini?"

Alikuwa amefanya kazi pale muda mrefu mno. Alijua kwamba filimu zilizopita muda wake zilikaa kwenye kabati zikisubiri kutupwa.

Jumapili moja mchana, zamu yangu, aliniletea wanawake sita. Walikuja kwa miguu, wamevaa vikwembe vyao vya kanisani, kimya kama watu wanaokwenda kuungama. Niliwalaza mmoja mmoja juu ya meza ya baridi, nikapiga nyonga, na kwa wawili nikapiga mgongo. Yeye alisimama kando akiwashika kichwa na kuwatukana kwa upole: usitikisike, acha kupumua kama mbuzi. Mama yangu alikuwa wa mwisho. Aliuliza kama mashine inauma. Nilipomwambia hapana, alionekana kama hakuniamini, lakini alilala.

Nilizisafisha picha katika chumba cha giza, nikazitundika zikiwa bado mbichi. Nilikuwa nimezoea mifupa ya wachimbaji: hata iliyovunjika ilikuwa myeupe, minene, yenye kuta. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa ya kijivu. Ukuta wa mfupa ulikuwa mwembamba kama mstari wa penseli, na ndani, pale panapotakiwa kuwa na nyuzi nyingi zilizopishana, zilibaki chache, moja hapa, moja kule. Kwenye mgongo wa yule wa kwanza katika orodha pingili tatu zilikuwa zimebonyea tayari, naye hakuwahi kumwambia mtu kitu zaidi ya kwamba mgongo unamuuma.

Mama Muzalishaji alisogeza uso karibu na taa. Alitazama muda mrefu.

"Njo hivi, sasa," alisema. "Hata mimi sikuwaza inafika hivi."

Tulimpelekea munganga. Ndivyo tunavyomwita daktari. Huyu wetu alikuwa kijana wa Kasai aliyesomea Ulaya, mwenye abakosti, ile suti isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Niliogopa angeniripoti. Badala yake alizitundika picha zote, akazima taa ya chumba, akakaa.

"Nani aliwachagua hawa?"

Nikamwonyesha mwanamke mfupi aliyesimama mlangoni na mkoba wake.

"Kwa kutumia nini?"

"Kamba," akasema yeye mwenyewe. "Na kuuliza."

Munganga alimtazama kwa heshima ambayo sijaiona tena katika hospitali ile. Alitueleza taratibu. Ugonjwa una jina, ostéoporose, mifupa yenye matundu. Huko Ulaya kuna watu wanaosoma jinsi ya kuutambua mapema, na bado wanabishana. Alisema alivyofanya Mama huyu ni sawa na wanavyojaribu wao. Mama Muzalishaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na dawa yake?"

Munganga akafungua mikono. Maziwa. Samaki wadogo wenye mifupa. Jua. Kutembea, kwa uangalifu. Vidonge vya kalisiamu, kama vingepatikana, angeviomba. Aliandika barua mbele yetu na kuitia muhuri. Kwa miezi kadhaa tuliishi kwa barua hiyo. Kila wiki Mama Muzalishaji alinituma kuuliza kwenye famasi, na kila wiki nilirudi bila kitu. Mwaka ule bei ya shaba ilianguka, na hata bendeji zilianza kufuliwa na kuanikwa. Munganga aliandika tena. Kisha akapata nafasi Kinshasa, akaondoka, na aliyekuja baada yake aliniuliza kwa nini filimu za zamani zimepungua kabatini.

Hivyo Mama Muzalishaji akabaki na kile alichokuwa nacho tangu mwanzo: makatazo. Alipita nyumba kwa nyumba. Alivunja kizingiti cha mlango wa mwanamke mmoja kwa sururu, bila kumwuliza mwenye nyumba. Aliondoa mikeka, akaziba mashimo ya uani. Kila Ijumaa alipika ndakala, wale samaki wakavu wadogo, pamoja na vichwa na mifupa, akawalazimisha kumi na wawili wale wasitupe kitu. Aliwakataza kubeba maji, kutwanga, kuinama kwenye matuta. Na kulikuwa na Salongo.

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Kila mtu, na jembe au fagio, kuzibua mitaro, kubeba mawe, kufyeka. Na wageni wakubwa walipokuja, wanawake wa mtaa walipangwa kando ya barabara kuimba na kucheza kwa saa nyingi, wazee mbele, kwa kuwa wazee walipendeza kwenye picha. Mama Muzalishaji alimwendea shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, na orodha yake mkononi. Nilimsindikiza, alitaka shahidi aliyevaa koti jeupe.

Shefu alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye kupenda kuitwa sitwayeni, yaani raia, na kupenda zaidi kuwaita wengine hivyo.

"Sitwayeni," alisema, "Salongo iko ya bantu bote."

"Bantu bote, ndiyo. Mifupa ya bantu bote, hapana."

"Kama mimi naachilia bazee kumi na wawili, kesho watakuya mia."

"Mama yako iko wapi leo?" akamwuliza.

Shefu akaanza kupanga karatasi zake.

"Iko ku nyumba," Mama Muzalishaji akajijibu mwenyewe. "Iko nakaa mu kivuli. Muzuri. Njo pale nataka na bale bangu bakae. Na usiniangalie na macho mukali, mi nilikutosha mu tumbo ya mama yako, matako mbele."

Watu waliokuwa uani walicheka. Nilidhani tutafungwa. Shefu alichukua karatasi, akaisoma, akaweka sahihi huku akitazama pembeni. Tangu siku hiyo wanawake kumi na wawili hawakuonekana kwenye Salongo wala barabarani. Ulikuwa ushindi wetu pekee, na nilijivunia.

Mama yangu hakujivunia. Mama alikuwa na shamba la mihogo na viazi kwenye njia ya kwenda Kinsevere, mwendo wa saa moja, na alikuwa na kikundi cha wanawake waliokwenda pamoja wakiimba na kusengenya. Alikuwa mchezaji katika kwaya. Sasa mimi, kwa amri ya jirani, nilificha jembe lake. Mke wangu alimchotea maji. Alikaa kwenye kiti chenye mgongo tulichomtengenezea na akatazama njia. Jioni moja Mama Muzalishaji alipoleta ndakala, mama alikataa sahani.

"Weye unaniogopea kuvunjika," alimwambia. "Ulisha kunivunja. Ona namna ninakaa. Mufupa iko muzima, mi sipo."

Nilitarajia yule mwanamke mwenye kauli kali angejibu. Aliweka sahani chini, akakaa kwenye udongo kando ya kiti cha mama, na wakakaa hivyo wote wawili. Mimi niliondoka. Nilikuwa na hakika tuko upande wa haki. Mtu akikwambia kwamba mama yako ni wa nne kuvunjika, unafanya nini? Unaficha jembe.

Wa kwanza katika orodha alivunjika mwezi wa Agosti, katika upepo wa vumbi, kwa kuinuka kitandani. Wa pili kabla ya Krismasi. Hapo mpangilio uliruka: wa tano akamtangulia wa tatu. Mama Muzalishaji alibishana na orodha yake kana kwamba imemdanganya, akarudi kuwapima waliobaki. Sikuwahi kumwona akifurahi kwa kuwa alisema kweli. Kila habari ilipofika alifunga kitambaa kichwani, akaenda, akakaa na familia, akawaonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze. Hilo ndilo alilokuwa amebaki nalo la kufundisha.

Mama yangu alivunjika Jumanne, saa nne asubuhi. Hakuanguka kwenye shamba, wala kwenye Salongo, wala kwa ndoo ya maji. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mke wangu alimwita kutoka jikoni kumwuliza kama chumvi imetosha kwenye lenga-lenga, ule mchicha wetu, naye akageuka kujibu. Mke wangu alisikia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika, kisha mama akasema, "Ah," kwa mshangao tu.

Walimleta hospitalini kwenye mkokoteni uliotandikwa magunia. Hakuwa na fishi. Fishi yangu ilimhusu mke na watoto; mama wa mfanyakazi hakuhesabiwa. Muuguzi mkuu alikubali tumpige radio kwa ajili yangu. Na hakukuwa na mpiga radio mwingine zamu ile. Nilimlaza mwenyewe. Mguu wake ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake; sikuhitaji picha kujua. Lakini nilipiga, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya na mikono yangu. Alinitazama wakati naweka kaseti ya filimu chini ya nyonga yake.

"Baba," alisema, maana aliniita hivyo kwa jina la babu yangu, "usilie mu kazi. Batakuona."

Alilazwa usiku mbili kwenye korido, mguu umefungwa uzito, kisha kitanda kikahitajika. Hakuna aliyekuwa mkatili. Walimtoa kwa aibu, wakaniazima kamba na puli. Nyumbani nilifunga uzito wa mawe ndani ya mfuko wa unga. Mama Muzalishaji alikuja kila asubuhi na kila jioni, akamgeuza, akamwosha, akamsugua mgongo kwa mafuta ya mawese. Walikuwa wakizungumza. Niliwasikia kupitia ukuta, wakati mwingine wakicheka, na sikuelewa watu wawili hao wangeweza kucheka nini. Wiki ya sita kifua kilianza kukoroma. Wiki ya saba tulimzika.

Siku ya matanga nilimwambia Mama Muzalishaji maneno ambayo siwezi kuyarudisha. Nilimwambia kwamba kamba yake haikumwokoa hata mtu mmoja. Kwamba alichofanya ni kumwambia mwanamke kifo chake mapema na kumfanya akisubiri akiwa amekaa. Nilisema hayo mbele ya watu. Alisikiliza kama alivyomsikiliza munganga, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni kweli," akachukua mkoba wake, akaenda kusaidia kupika bukari, yaani ugali, kwa ajili ya wageni.

Miezi michache baadaye nilihamishiwa Kolwezi. Hatukuagana vizuri.

Nilikaa huko miaka tisa. Nilisikia kwamba wengine wa orodha walikwenda mmoja mmoja, na kwamba wawili walikufa kwa malaria kabla mifupa haijapata nafasi. Niliporudi Lubumbashi mashine ya radio haikuwa inafanya kazi. Taa yake ya ndani iliungua na hakukuwa na nyingine ya kuibadilisha. Bado nilikuwa mwajiriwa, nikawa nakaa katika chumba kile na daftari. Siku moja nilikwenda Annexe kutafuta mahindi ya kununua, nikamkuta Mama Muzalishaji.

Alikuwa ameuza nyumba ya Ruashi na kuhamia huko, kwenye kibanda kando ya shamba. Alikuwa amepinda. Alinitambua kabla sijamtambua, kwa sababu kwanza nilimwona mtu anayetazama ardhi.

"Mupiga radio," alisema. "Unanenepa."

Tulikaa kwenye ukingo wa tuta. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi kwa miaka mingi, na niliyasema vibaya. Aliyafukuza kwa mkono.

"Mama yako alikuwa anaenda ku shamba," alisema.

"Kabla ya kumkataza, ndiyo."

"Nyuma ya kumukataza pia. Kila Alhamisi. Ukishaenda kazi, bibi yako anaenda soko, tunatoka. Mi njo nilikuwa nabeba jembe. Alikuwa na lile la zamani kwangu, chini ya kitanda."

Nilikuwa nikihesabu Alhamisi.

"We njo ulimukataza," nikasema mwishowe.

"Nilimukataza. Halafu ile siku ya sahani aliniambia maneno, ulisikia. Nilifikiri siku tatu. Nilikuwa na masamaki, na makatazo, na kitu kingine sina. Basi nikaona: huyu atavunjika tu. Nikamupeleka." Akafuta mdomo. "Alikuwa anakwenda na furaha kama anaenda ndoa. Lakini njiani nilikuwa natetemeka. Kila jiwe. Siku alivunjika juu ya kiti nilimushukuru Mungu si shamba, na nikasikia haya kushukuru."

"Kwa nini hukuniambia siku ya matanga?"

"Ulikuwa na lazima ya mutu wa kukasirikia."

Jua lilikuwa limepanda. Alijiinua kwa kushika bega langu, akaniambia nimsindikize hatua chache, kuna mwanamke jirani, bado kijana, hajafika miaka hamsini na mitano, ambaye mama yake na dada yake wote walivunjika nyonga. Alikuwa amekwenda kwake mara tatu.

"Bado unapima?" nilimwuliza. "Mashine imekufa. Vidonge havipo. Utamwambia nini?"

"Sijue," alisema. "Nitamuambia."

Tulitembea polepole kati ya mahindi. Nyumba ilikuwa ndogo, ya udongo, yenye mlango wa bati. Mbele yake msichana alikuwa anaosha sufuria, na alipotuona aliingia ndani. Tulisikia sauti ya mwanamke ikisema kitu kwa haraka. Msichana akatoka tena, akavuta mlango nyuma yake, akasimama akiangalia miguu yake.

"Mama ameniambia niseme hayuko," alisema.

Mama Muzalishaji aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amepewa jibu la kawaida. Alitafuta kivuli cha ukuta, akajishusha taratibu mpaka chini, mkono mmoja ukutani, akanyoosha miguu.

"Basi nitamungojea," alisema.

Nilisimama pale nikitafuta namna ya kumwambia tuondoke. Ndani ya nyumba kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayezuia pumzi. Msichana akarudi kwenye sufuria zake. Mama Muzalishaji aliniambia niende, mahindi yataisha sokoni, nami nikaenda. Nilipofika kwenye njia kubwa niligeuka mara moja. Alikuwa bado amekaa, na mlango ulikuwa bado umefungwa.